Vidole, Ubongo na Siku ya Pili: Namna ya Kujifunza Wimbo wa Kinanda

Katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, zinakutana ala mbili za muziki ambazo humtaka mpigaji atumie vidole vya mikono yote miwili kwa wakati mmoja. Ya kwanza ni ya kale: litungu la Wakurya, lenye nyuzi nane zilizotandazwa juu ya mzinga wa mti uliowambwa ngozi. Ya pili ni kinanda. Hiki kilifuatana na nyimbo za sauti nne za makanisa, zilizoenea kadiri misheni zilivyoongezeka, kama ile ya Wamenonaiti iliyoanzishwa Shirati mwaka 1934 na zile za mapadre wa Maryknoll waliofika Musoma mwaka 1946. Siku hizi kinanda kinachosikika Tarime mjini na Mugumu ni kile cha umeme. Piano yenyewe, ile ya nyundo na nyuzi za chuma, ni adimu mno katika wilaya hizo. Lakini vibonyezo vya ala hizo mbili vimepangwa vile vile, na sheria za kujifunza ni zile zile. Tena sheria hizo zinalihusu litungu pia, kwa kuwa kinachojifunza si ala bali ubongo wa mtu anayeipiga.

Hali inayoonekana mara nyingi ni hii. Kinanda ni kimoja, wanaotaka kujifunza ni wengi, na nafasi ya kila mmoja ni saa moja au mbili kwa juma. Mwanafunzi apatapo nafasi yake siku ya Jumamosi huupiga wimbo tangu mwanzo, akakosea mahali fulani, akarudi mwanzo, akakosea tena pale pale, akarudi tena mwanzo. Ifikapo mara ya ishirini vidole vinateleza bila kikwazo, naye huondoka ameridhika. Siku ya pili, mbele ya kwaya, vidole hivyo hivyo vinasimama katikati ya ubeti. Hapo mwanafunzi hujiambia kwamba hana kipaji, na mwalimu humwambia kwamba hakufanya mazoezi ya kutosha. Hukumu zote mbili zaweza kuwa si za haki. Mazoezi yalikuwa mengi. Ubaya wake ni namna yalivyopangwa.

Wataalamu wa saikolojia hutenganisha mambo mawili ambayo lugha ya kila siku huyachanganya. La kwanza ni utendaji, yaani jinsi mtu anavyoweza kufanya kitu sasa hivi, angali katikati ya mazoezi. La pili ni kujifunza, yaani badiliko linalobaki baada ya mazoezi kwisha na siku kupita. Mambo hayo mawili hayaendi pamoja daima. Njia zinazopandisha utendaji haraka aghalabu ndizo zinazoacha kidogo siku ya pili. Na baadhi ya njia zinazomfanya mwanafunzi ajikwae leo ndizo zinazodumu. Kwa hiyo hisia ya mwanafunzi mwenyewe, kwamba sasa ameuweza wimbo, ni shahidi asiyeaminika. Uchunguzi mwingi uliofanywa tangu miaka ya 1970 umeithibitisha tofauti hiyo, na kwa shule au kanisa lenye kinanda kimoja faida yake si ndogo, kwani inafundisha jinsi ya kupata mengi kutoka katika dakika chache.

Kumbukumbu imo wapi?

Husemwa kwamba vidole vina kumbukumbu yake. Usemi huo wafaa kwa mazungumzo, lakini kidole ni mfupa, kano na ngozi. Hata misuli inayokikunja na kukinyoosha haimo ndani yake, bali imo kiganjani na katika sehemu ya mkono iliyo kati ya kiwiko na kifundo. Kinachokumbuka ni ubongo. Gamba la ubongo lina eneo linalotawala misuli. Ubongo mdogo, ulio kisogoni, husahihisha mwendo na wakati wake. Na viini vilivyo ndani zaidi husaidia kuunganisha vitendo vingi kuwa mfululizo mmoja. Kila mfululizo unaporudiwa, viungo baina ya chembe za neva zilizohusika hubadilika kidogo. Hubadilika iwapo kitendo kilikuwa sahihi, na hubadilika pia iwapo kilikuwa kosa. Mwanafunzi aliyekosea mara kumi na tisa na kupatia mara moja amefanya mazoezi ya kukosea.

Mwaka 1967 Wamarekani Paul Fitts na Michael Posner waligawa safari ya kujifunza ustadi wa mwili katika hatua tatu. Kwanza mtu hufikiri kila tendo: kidole gani, kibonyezo kipi. Kisha matendo huanza kushikana, na makosa hupungua. Mwishowe mfululizo hujiendesha wenyewe, na akili hupata nafasi ya kusikiliza au kuimba. Mpigaji wa litungu aliye stadi yumo katika hatua hiyo ya tatu: mikono yake inacharaza nyuzi ilhali mdomo wake unaimba na kutunga maneno ya papo hapo. Hakuna njia ya kuifikia hatua ya tatu bila kupita katika ya kwanza. Lakini muda wa kukaa katika ya kwanza waweza kufupishwa sana kwa kupunguza vitu vya kufikiriwa.

Hapa ndipo penye umuhimu wa mafungu. Mwaka 1956 George Miller alionyesha kwamba akili ya mtu huweza kushika kwa mara moja vitu vipatavyo saba tu. Watafiti wa baadaye wamekadiria kwamba ni vichache zaidi, pengine vinne. Lakini kitu kimoja chaweza kuwa kikubwa au kidogo. Kwa mfano, wimbo wa kanisa wa sauti nne una hatua 16, yaani vipimo 16 vilivyotengwa kwa mistari ya wima, na kila hatua ina mapigo manne. Ikiwa kila pigo lina nota nne zinazolia pamoja, jumla ni nota 256. Mwanafunzi anayeziona kama nota 256 ana mzigo usiobebeka. Mwenzake anayejua kwamba do, mi na so ni fungu moja, na kwamba mstari wa nyimbo za namna hiyo mara nyingi hufungwa kwa fungu la so likifuatwa na fungu la do, anaona mafungu machache yanayojirudia. Akigundua tena kwamba mstari wa pili ni sawa na wa kwanza isipokuwa mwisho wake, robo ya kazi imekwisha kabla hajagusa kinanda. Kwa hiyo dakika kumi za kuusoma wimbo kwa macho na penseli, kutafuta yanayofanana na kuyatia alama, hazipotei hata kidogo. Wanakwaya wengi wa Tanzania wanaijua solfa vizuri. Ni silaha kubwa kwa kazi hiyo, na ni ajabu kwamba wanafunzi wengi huiacha mlangoni waendapo kwenye kinanda.

Jambo la pili la kuamuliwa mapema ni vidole. Wapiga kinanda huvihesabu kuanzia gumba, ambalo ni 1, hadi kidole cha mwisho, ambacho ni 5. Katika ngazi ya C mkono wa kulia hupanda nota nane kwa vidole vitano: 1, 2, 3, kisha gumba hupita chini ya kidole cha kati na safari huanza tena, 1, 2, 3, 4, 5. Utaratibu huo haukuwekwa kwa ajili ya mapambo. Mwanafunzi anayetumia kidole cha 3 leo, cha 2 kesho na cha 4 keshokutwa katika nota ile ile anaupa ubongo wake nyimbo tatu zilizo sawa kwa sikio lakini zinazopingana kwa misuli. Kwenye litungu tatizo hilo ni dogo, kwani nyuzi ni nane tu na mikono haina haja ya kuhama. Piano ina vibonyezo 88. Basi vidole na viamuliwe siku ya kwanza, viandikwe juu ya nota, na visibadilishwe isipokuwa kwa sababu. Kwa mintarafu hiyo, kupiga polepole kuna maana tu ikiwa mwendo wa polepole unatumia vidole vile vile vitakavyotumiwa katika mwendo wa haraka.

Swali la kutenga mikono huulizwa mara nyingi. Kupiga mkono mmoja mmoja kunafaa katika kuchagua vidole na katika kulainisha mahali pagumu, lakini kuunganisha mikono ni ustadi wa peke yake ambao hauji kwa kuujumlisha wa kulia na wa kushoto. Mwanafunzi anayetenga mikono kwa juma zima, akitumaini kuiunganisha siku ya mwisho, ameuahirisha ugumu wenyewe. Inafaa hatua mbili tatu ziunganishwe siku ile ile ya kwanza, hata kwa mwendo wa konokono.

Saa thelathini na tano au hamsini

Mwaka 1885 mwanachuoni wa Ujerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe, akikariri orodha za silabi zisizo na maana na kupima jinsi alivyozisahau. Aligundua kwamba kusahau huenda haraka sana mwanzoni, kisha hupungua. Na kwamba marudio yaliyotawanywa katika siku kadhaa yana nguvu kuliko idadi ile ile ya marudio yaliyorundikwa siku moja. Majaribio mengi yaliyofuata yamekubaliana naye.

Ushahidi ulio karibu zaidi na kinanda ulitoka posta. Mwaka 1978 Alan Baddeley na D. J. A. Longman walieleza uchunguzi wao juu ya watumishi wa posta wa Uingereza waliokuwa wakifundishwa kupiga alama za anwani kwenye mashine yenye vibonyezo kama vya taipureta. Watumishi hao waligawanywa katika makundi manne. Kundi moja lilifanya mazoezi ya saa moja mara moja kwa siku; la pili, saa moja mara mbili kwa siku; la tatu, saa mbili kwa mfululizo mara moja kwa siku; la nne, saa mbili mara mbili kwa siku. Kundi la saa moja kwa siku liliweza kuvijua vibonyezo baada ya saa zipatazo 35 za mazoezi. Kundi la saa nne kwa siku lilihitaji saa zipatazo 50. Yaani, saa 15 za kila mtumishi zilipotea kwa sababu tu zilirundikwa.

Ni kweli kwamba kundi la saa nne lilimaliza katika siku chache zaidi za kalenda, na hilo ndilo linalodanganya. Watumishi wa kundi la saa moja, waliojifunza vizuri kuliko wote kwa kila saa waliyotumia, ndio walioridhika kidogo kuliko wote na ratiba yao, kwa kuwa waliona wenzao wanawapita. Mwalimu anayepanga mazoezi ya kwaya kabla ya Pasaka, au ya ngoma na kwaya kabla ya mashindano ya shule, hana budi kuyazingatia mambo hayo mawili pamoja. Ikiwa zimebaki siku tatu tu, atarundika, maana hana la kufanya. Ikiwa zimebaki wiki sita, kurundika ni ubadhirifu.

Usiku nao una sehemu yake. Mwaka 2002 Matthew Walker na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard waliwafundisha watu kubonyeza kwa vidole vya mkono mmoja mfululizo mfupi wa nambari, haraka na bila kosa. Waliopimwa baada ya saa 12 za kuwa macho hawakuongeza mwendo kwa kiasi cha maana. Waliopimwa baada ya saa 12 zilizokuwa na usingizi waliongeza mwendo kwa karibu asilimia 20, bila zoezi lolote katikati. Wataalamu wengine baadaye wameyadadisi matokeo hayo, wakaonyesha kwamba sehemu ya ongezeko hilo yaweza kuwa ni uchovu wa mazoezi uliokuwa umeisha. Mjadala huo haujafungwa. Lakini hakuna upande wowote katika mjadala huo unaomshauri mwanafunzi wa bweni akeshe na kinanda usiku wa kuamkia onyesho, na desturi hiyo ipo.

Kuchanganya

Tuseme mwanafunzi ana vipande vitatu vigumu katika wimbo wake. Je, akirudie cha kwanza hadi kilainike ndipo aende cha pili, au avizungushe? Karibu kila mtu angejibu kwamba akimalize kimoja kwanza. Mwaka 1979 John Shea na Robyn Morgan, wa Chuo Kikuu cha Colorado, walilipima swali la namna hiyo. Waliwapa watu kazi tatu za mkono: kuushika mpira wa tenisi na kuviangusha vibao kwa mpangilio maalumu, haraka iwezekanavyo. Nusu yao walimaliza kazi moja ndipo wakaanza nyingine. Nusu nyingine walizifanya kazi hizo tatu kwa mchanganyiko. Wakati wa mazoezi kundi la kwanza lilikuwa na kasi zaidi. Walipopimwa baadaye, baada ya dakika kumi na tena baada ya siku kumi, waliochanganya ndio waliokumbuka vizuri zaidi; na tofauti ilikuwa kubwa hasa pale kazi zilipoitishwa kwa mchanganyiko.

Maelezo yake si magumu. Anayerudia kipande kimoja mara kumi mfululizo hahitaji kukikumbuka. Bado kimo mikononi. Anayekiacha, akapiga kingine, kisha akakirudia, analazimika kukichota upya kutoka katika kumbukumbu, na kazi hiyo ya kukichota ndiyo inayoimarisha njia. Siku ya ibada au ya mashindano wimbo huchotwa mara moja tu, bila kujaribu. Mazoezi ya kurudiarudia mahali pamoja hayamfundishi mtu jambo hilo.

Katika muziki wenyewe, Christine Carter na Jessica Grahn waliwajaribu wapigaji kumi wa klarineti mwaka 2016. Kila kipande kilipewa dakika 12: ama zote kwa mfululizo, ama kwa vipindi vya dakika tatu tatu vilivyochanganywa na vipande vingine. Waamuzi waliosikiliza waliuona mchanganyiko kuwa bora kwa kiasi, ingawa si kwa kila mpigaji. Tofauti haikuwa kubwa, wala haifai kukuzwa. Inafaa pia kuongeza kwamba mwanafunzi ambaye hajakijua kipande hata kidogo hana cha kuchota. Huyo na akirudie kwanza mara chache, kisha aanze kuchanganya.

Mpigaji wa litungu hupata sehemu ya faida hiyo bila kuitafuta. Wimbo wake umejengwa juu ya mzunguko mfupi unaorudi na kurudi, lakini haurudi ukiwa ule ule: sauti ya mwimbaji inaingia na kutoka, nyuzi zinaongezewa nakshi, na wachezaji hawasimami kumngojea aliyekosea. Marudio yanayobadilika hivyo yako mbali na marudio ya kasuku.

Kosa na chanzo chake

Uchunguzi ulio karibu kabisa na suala la makala haya ulifanywa Texas, katika chuo kikuu kilichoko Austin. Robert Duke na wenzake waliutangaza mwaka 2009. Waliwapa wanafunzi 17 wa piano, wote wakiwa wa ngazi ya juu ya masomo, kipande kigumu cha hatua tatu tu kutoka konseto ya kwanza ya piano ya Dmitri Shostakovich. Kila mmoja alikifanyia mazoezi kwa muda alioutaka mwenyewe, na siku ya pili akapimwa. Ilitazamiwa kwamba aliyefanya mazoezi kwa muda mrefu, au aliyerudia mara nyingi, angekuwa bora. Haikuwa hivyo. Muda haukutabiri ubora wa siku ya pili, wala idadi ya marudio haikuutabiri. Kilichotabiri ni kiasi cha makosa: waliopiga vibaya mara nyingi wakati wa mazoezi walipiga vibaya siku ya pili.

Hata wale watatu waliotokea kuwa bora hawakuwa watu wasiokosea. Walikosea kama wenzao, hasa mwanzoni. Tofauti yao ilikuwa katika namna walivyolitendea kosa. Walisimama mahali lilipotokea, wakatafuta chanzo chake, wakapunguza mwendo pale palipohitajika, wakakirudia kipande kile kidogo mpaka kikatengemaa, ndipo wakaendelea. Kosa lile lile halikupewa nafasi ya kujirudia mara nyingi.

Chanzo cha kosa ndicho kinachosahauliwa zaidi. Mwanafunzi hukosea nota ya hatua ya tisa, naye huirudia nota hiyo. Lakini mara nyingi nota hiyo haina ugonjwa wowote. Ugonjwa uko nyuma, katika hatua ya nane, ambako gumba lilichelewa kupita chini ya kiganja na vidole vikafika vimekwisha. Kumwambia arudie hatua ya tisa ni sawa na kumpaka dawa ya goti mtu aliyevunjika nyonga. Mwalimu mzuri huuliza: mkono ulikuwa wapi pigo moja kabla ya kosa? Na kurudi mwanzo wa wimbo kila mara kuna hasara nyingine iliyo wazi kwa hesabu. Mwanzo hupigwa mara ishirini, katikati mara nane, mwisho mara mbili. Ndiyo maana nyimbo nyingi huanza kwa ujasiri na kwisha kwa woga.

Kwa anayepiga bila kutazama nota kuna hatari ya ziada. Mfululizo uliojifunzwa kama mnyororo mmoja hukatika ukikosa pete moja, na mpigaji hana pa kushika isipokuwa mwanzo kabisa. Mpiga piano Gabriela Imreh aliandika kwa uangalifu mazoezi yake yote ya kujifunza sehemu ya tatu ya Konseto ya Kiitalia ya Johann Sebastian Bach, na mwanasaikolojia Roger Chaffin akayachambua katika kitabu walichokitoa pamoja na Mary Crawford mwaka 2002. Imreh aliugawa muziki katika sehemu, akazoea kuanzia mwanzo wa kila sehemu. Zaidi ya miaka miwili baadaye, alipoulizwa auandike muziki ule kwa kichwa, mianzo hiyo ndiyo aliyoikumbuka vizuri kuliko mahali pengine. Basi kila wimbo uwekewe vituo vinne au vitano, na mwanafunzi awe tayari kuanzia kituo chochote atakachotajiwa.

Kujifunza bila kinanda

Mwanafunzi asiye na ala anaweza kufanya nini katika siku ambazo si zamu yake? Mwaka 1995 Alvaro Pascual-Leone na wenzake nchini Marekani waliwafundisha watu wasiojua piano zoezi la vidole vitano la mkono mmoja, saa mbili kwa siku kwa siku tano. Kundi moja lilipiga kinanda. Kundi jingine lilikaa mbele ya kinanda, likapiga kwa mawazo tu bila kuvijongeza vidole. Watafiti walitumia mapigo ya sumaku juu ya fuvu kupima eneo la gamba la ubongo linalotawala misuli ya vidole hivyo, na wakaona kwamba eneo hilo lilipanuka kwa makundi yote mawili. Kwa usahihi wa kupiga, waliowaza walikuwa wamefika siku ya tano pale ambapo wenzao walikuwa wamefika siku ya tatu. Na baada ya kipindi kimoja tu cha saa mbili kwenye kinanda chenyewe, waliwafikia.

Kuwaza huko si kuota ndoto. Ni kusikia kila nota kichwani kwa mwendo wake, na kuhisi kidole kipi kingeipiga. Asiyeweza kukitaja kidole kinachofuata hakijui kipande hicho, hata kama mikono yake inakipita kwa mazoea. Kwa wavulana na wasichana waliokua wakisikia litungu, wengi wao wakiwa wamelijua kwa sikio na jicho kabla ya kuruhusiwa kuligusa, njia hii si ngeni kiasi hicho. Kinachohitajika ni kuitumia kwa makusudi, nota zikiwa mezani na vidole juu ya ubao wa dawati.

Mfano wa ratiba

Tuseme wanafunzi ni watano, na kinanda chaweza kutumika saa mbili kila jioni, Jumatatu hadi Ijumaa. Njia iliyozoeleka ni kumpa kila mmoja jioni yake. Njia nyingine ni kumpa kila mmoja dakika 24 kila jioni. Jumla ni ile ile, dakika 120 kwa mwanafunzi. Lakini katika njia ya pili kila mmoja hupata vipindi vitano badala ya kimoja, na usiku minne katikati. Dakika tatu za mwanzo aupige wimbo mara moja tu bila kujipasha moto, akitia alama kwa penseli kila mahali alipojikwaa. Dakika 16 zinazofuata azungushe vipande vitatu vilivyo vibaya zaidi, kila kimoja kwa muda mfupi, akitafuta chanzo kabla ya kurudia. Zinazobaki aanzie vituo atakavyotajiwa na mwenzake, kisha afunge kwa kuupiga wote bila kusimama, hata akikosea. Wanne wanaongoja wakae mezani: wawili wakiwaza nyimbo zao kwa vidole, mmoja akiimba besi kwa solfa pamoja na mpigaji, na mmoja akisikiliza na kuhesabu mahali pa kujikwaa. Umeme ukikatika, aliye zamuni huhamia mezani na kuendelea kuanzia kituo alichokuwa amefika.

Jumatatu inayofuata kila mwanafunzi hupiga mara moja kabla ya jambo jingine lolote. Hesabu ya Jumatatu hiyo, wala si ile ya Ijumaa jioni, ndiyo inayoingizwa katika daftari la mwalimu.